Tuliagana mbele ya mwembe kukatwa

Mwembe ule ulikuwa na namba. Watu wa kuhesabu waliandika 114 kwa rangi nyekundu kwenye shina lake, sawa vile waliandika kwenye kuta za nyumba, kwenye choo, hata kwenye muti moja ya avoka ambayo haijazaa bado hata mara moja. Chini ya mwembe ule, siku ya posho moja ya mwezi wa munane, tuliketi watu 23 juu ya viti vya kuazima. Vumbi ilikuwa nyingi. Ba mama walikuwa wamepika bukari na samaki wa thomson, na munkoyo ilikuwa ndani ya bidoni mbili. Mtu anayepita mu barabara angefikiri ni ndoa, ama kilio. Haikuwa ndoa, na hakuna aliyekufa. Tulikuja kuaga kundi letu la sala, nyuma ya miaka 38.

Ndugu msomaji, sisi watu wa Kolwezi tumezoea kuona vitu vinaondoka. Mlima unaondoka, shimo linabaki. Shaba na kobalti vinaondoka juu ya malori, muchana na usiku, kuelekea Kasumbalesa. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba mpaka chini ya vitanda vyao. Sasa zamu ni ya kartie yetu. Mgodi unapanuka, kila familia imeandikwa, imelipwa ama inangoja kulipwa, na inatafuta lupango pengine.

Mimi ni mtu wa sendika. Miezi mingi nilikuwa na zile karatasi mkononi, nikiangalia kama wamehesabu vizuri. Wanahesabu vyumba, malata, milango, kisima, mwembe, avoka, shamba la mihogo. Hiyo ni haki, na tunapigana ili bei iwe ya kweli. Lakini siku moja mama mmoja wa kundi, mjane wa miaka zaidi ya 70, alichukua karatasi yake, akaisoma polepole kwa kidole, kisha akaniuliza: "Baba delege, na siku ya ine yetu iko ku mstari gani?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika leo ni jibu langu lililochelewa.

Neno la zamu

Kundi lilizaliwa 1986, mu nyumba ya vyumba viwili, na ndoa sita. Halikuwa na jina kubwa. Watu waliita paka "siku ya ine", kwa sababu tulikuwaka tunakutana kila siku ya ine, saa kumi na mbili ya mangaribi, leo kwa huyu, juma ijayo kwa yule. Walioanza walikuwa Wakatolika. Nyuma wakaingia Wametodiste, kisha watu wa Garenganze. Hakuna aliyeulizwa kuacha kanisa lake. Siku ya yenga kila mtu alienda kwake.

Sheria ilikuwa moja. Kila juma mtu mmoja, kwa zamu, analeta neno. Si mahubiri. Neno ni nusu ya ukurasa, limeandikwa kwa mkono, juu ya kitu ulichokiona wewe mwenyewe mu juma ile, na andiko lililokuamsha. Asiyejua kuandika anasema, mwingine anamwandikia. Likisha kusomwa, wengine wanajibu mmoja mmoja, na hakuna mtu kukata neno la mwenzake. Mwisho, neno na majibu yanaingia mu daftari, sisi tunasema kaye. Tulikuwa na kaye 11. Moja ililiwa na muchwa, zikabaki 10.

Mu kaye zile hakuna maneno makubwa. Kuna baba mmoja, fundi wa mashine, anayeuliza kama ni zambi kuomba Mungu amhamishe mukubwa wake wa kazi. Kuna mama anayeuzisha makala, ameandika kwamba alipunguza kipimo cha gunia, na tangu siku ile Zaburi haimuingie tena. Kuna juma moja ya mwezi wa kenda 1990, mgodi wa chini wa Kamoto ulipobomoka. Neno la siku ile ni mistari mitatu tu, lakini majibu ni kurasa tano, kwa maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu anayejiuliza kama kesho atakuwa na kazi.

Mimi niliingia 2007. Nilikuwa na miaka 28, nilikuwa nimetoka kufukuzwa kazi nyuma ya mgomo. Jirani aliniita nije nikule kwao siku ile, nikakuta watu wameketi na Biblia. Nilirudi mara mbili, mara tatu, kwa ajili ya chakula, niseme kweli. Zamu iliponifikia sikuleta andiko. Nilitukana wakubwa wa kazi, nikatukana na wenzetu waliotuacha mu mgomo. Watu walinyamaza. Nilingoja wanitoe inje. Mzee aliyekuwa anashika kaye akaniambia: "Sema polepole, mwanangu, ninaandika." Akaandika yote, tarehe juu, jina langu chini. Kisha akasema: "Hii nayo ni sala. Mu Zaburi kuko zingine kali kupita hii." Njo vile nilibaki.

Walijifunza wapi kuketi vile?

Kati ya zile ndoa sita za kwanza, tatu zilikuwa za wanajamaa. Vijana wa leo wanasikia neno Jamaa, wanafikiri ni familia tu. Lakini ni hapa Kolwezi Jamaa ilianza, mu miaka ya 1950, mu kambi za wafanyakazi wa Union Minière, pamoja na padri mmoja Mfransisko, Placide Tempels. Alizaliwa Ubeljiji 1906, akafika Congo 1933, na kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu kilitoka 1945. Wasomi wanamjua kwa kile kitabu. Wazee wetu walimjua kwa kitu kingine: aliketi na wafanyakazi na bibi zao, akawauliza wanataka nini mu maisha, akasikiliza. Katika majibu yao mlitoka maneno matatu ambayo wanajamaa wanayashika mpaka leo: uzima, uzazi, mapendo.

Mu Jamaa, bwana na bibi wanaingia pamoja. Ndoa moja "inazaa" ndoa ingine, kwa mafundisho na kwa urafiki wa muda mrefu. Kwa hiyo kila mtu anajua baba na mama yake mu Jamaa ni nani, na watoto wake ni nani. Tempels aliondoka Congo 1962, akafa kwao 1977. Jamaa haikufa naye, kwa sababu haikukaa mu nyumba moja wala mu mtu mmoja. Ilikaa mu kujua nani amezaa nani. Hayo wazee walikuwaka wanatuambia mara nyingi, na mimi nilikuwa ninaitikia kwa kichwa bila kuelewa. Nilielewa mwaka huu, siku tulipogombana juu ya kufunga kundi.

Ukurasa mweupe

Lakini kwanza niseme juu ya kaye moja. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu Katanga. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, ninakumbuka. Hapa Kolwezi na kule Likasi, maelfu ya watu walilala ku gare miezi na miezi wakingoja treni, na wengine walikufa pale pale. Kundi lilikuwa na familia saba kati yao. Kati ya siku ya ine moja na ingine, hawakuonekana tena. Mu kundi kuna waliokwenda usiku kuwapelekea unga. Kuna walioogopa, wakafunga milango. Kaye inasema yote mawili bila kuficha. "Mimi niliogopa," mtu ameandika, na jina lake ameliweka.

Nyuma ya maneno yale kuna majina saba. Nyuma ya majina kuna ukurasa mweupe. Zamu ya kuleta neno juma ile ilikuwa ya mama mmoja kati ya wale waliokwenda, na wazee walimwachia nafasi yake. Mpaka leo hakuna aliyeandika pale.

Mjane wetu alikuwa rafiki yake. Alitwambia: "Zaidi ya miaka makumi tatu, kila tukimaliza kaye ninajiuliza: na neno la mwenzangu? Hatukumuaga. Njo maana mimi sitaki tena kuachana na watu kama mwizi."

Kisha ikaja 2003, ile waliita kuondoka kwa kupenda. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini mu mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia. Ndoa tisa za kundi ziliondoka ndani ya mwaka mmoja, huyu Lubumbashi, yule kijijini kwa baba zake, mwingine hatukujua wapi. Kila moja iliondoka siku yake, asubui, na vitu juu ya gari. Hakukuwa na siku moja iliyoitwa siku ya kuaga. Mu kaye unaona paka hesabu ya majibu inashuka: kumi na mane, kenda, sita. Wale sita ndio walinikuta mimi.

Tulipogombana

Kwa hiyo mwaka huu, familia za kwanza zilipoanza kufunga vitu, mjane aliomba tufunge kundi kwa siku moja, muchana, na watu wote wakiwapo. Nilikataa. Kijana mmoja, baba wa watoto watatu, alikataa pamoja nami. Alisema: "Tukifunga, ni sawa vile tunasaidia mgodi. Tuache kundi liendelee, kila mtu pale atakuwa." Nilimpigia mikono. Sisi wa sendika tunafundishwa vile: usiweke saini ku kitu ambacho hujashindwa bado.

Mama hakukasirika. Aliuliza tu: "Nani ataendaka kuona mgonjwa wetu wa sukari?"

Kijana akajibu: "Sisi wote, mama."

"Siku gani?"

Akanyamaza. Mimi pia.

"Munaona," mama akasema. "Kila mutu atafikiri mwenzake ameenda. Ule mama atakufa peke yake mu nyumba, na ninyi mutasema kundi liko."

Pale njo nilishindwa, kwa sababu jambo lile ninalijua vizuri mu kazi yangu. Komite ambayo haikuvunjwa na haifanye kazi ni mbaya kupita komite iliyokufa. Mfanyakazi anapeleka shida yake, barua inalala ku meza ya mtu ambaye si delege tena, na yeye anangoja jibu kwa sababu hakuna aliyemwambia mlango umefungwa. Kundi lisilofungwa ni deni lisilo na mwenye kulipa. Kulifunga si kusema mapendo yamekwisha. Ni kuchukua kazi iliyokuwa ya wote na kumpa mtu mwenye jina. Ni ile ile wanajamaa walikuwa wanatuambia: ujue wako ni nani.

Kisanduku na watu

Tulianza na feza, kwa sababu feza inaharibu haraka. Mu kisanduku mulikuwa dola 412 na franka 96.000. Wengine walitaka tugawe tu. Watu 23, ni karibu dola 18 kila mtu. Usiwacheke. Kwa mtu anayehama, dola 18 inabeba malata yake mpaka kwa lupango mpya. Tulizungumza siku za ine mbili, na ya kwanza tuliachana bila kuimba.

Mwishowe tulipanga hivi. Deni kwanza: dola 130 kwa seremala aliyetukopesha masanduku mawili ya maiti, akangoja mwaka muzima bila kupiga kelele, na dola 60 ku dispansere. Ikabaki 222. Wajane watatu wa kundi walipata dola 74 kila mmoja, kwa garanti ya nyumba watakayopanga. Franka zilinunua chakula cha siku ya kuaga. Kisanduku chenyewe, cha chuma, tulimpa mtoto wa mwenye nyumba, anatia misumari yake.

Kisha tukagawa watu. Hii ndiyo ilikuwa kazi ngumu, na kwangu mimi ndiyo ilikuwa sala yenyewe. Katibu alisoma orodha: wajane watatu, wagonjwa wawili, kijana mmoja aliye gerezani, yatima wawili wanaosoma. Kwa kila jina alingoja mpaka mtu asimame na kusema "mimi". "Sisi" ilikatazwa. Kwa jina la kijana wa gerezani tulingoja sana, kwa sababu aliiba mu nyumba ya mmoja wetu. Aliyesimama ni yule yule aliyeibiwa. Hakutoa maelezo yoyote, alisema "mimi" akaketi. Makaburi nayo yalipata watu: ndoa mbili zinazobaki Kolwezi zitafyeka majani kila mwaka mbele ya sikukuu ya wafu.

Zikabaki kaye kumi. Mtu alisema tupeleke ku parokia, mwingine tuchome, kwa maana kuna siri za watu mule. Tulikubaliana kila mtu aje aangalie, na mwenye kutaka akate ukurasa wake mwenyewe. Watu wane walikuja na makasi. Mmoja alikuwa yule mama wa makala. Alikata ukurasa wa gunia, akausimamia kwa muda, kisha akaurudisha ndani ya kaye. "Ibaki," alisema. "Batoto bajue."

Kaye ya 1993 mjane alinipa mimi. "Wewe unapita mu ma biro, unaona majina ya watu wengi," alisema. "Siku moja utakuta moja ya haya saba." Imekaa sasa ndani ya sanduku langu, pamoja na karatasi za kazi. Kila kijana akinipa kitambulisho chake ili nimwandikie barua, ninasoma jina lake mara mbili.

Mileto

Siku ile, chini ya mwembe, mzee alisoma Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo anaenda Yerusalemu, ana haraka, hataki kuchelewa. Lakini kule Mileto anasimama, anatuma watu kuwaita wazee wa Efeso, na anangoja mpaka wafike. Anawaambia aliyofanya kwao, anawaambia hawatamuona tena, wanapiga magoti pamoja, wanalia, wanamsindikiza mpaka ku mashua. Mzee alifunga Biblia akasema: "Alikuwa na haraka kupita sisi, lakini alichukua siku ya kuaga."

Basi tukaagana. Kila mtu alizunguka, akashika mkono wa kila mtu, na kuomba msamaha kama kuko kitu. Ilichukua saa mbili. Mimi nilikuwa na vitu viwili vya kuomba, na niliombwa kimoja ambacho sikukijua. Nyuma ya kula tuliimba mara ya mwisho, viti vikarudi kwa wenyewe. Siku kumi na moja nyuma, mashine ilikata mwembe.

Kwa wenzangu wa sendika na kwa wakubwa wa kartie ambao zamu yao inakuja, ninaomba jambo moja. Hesabuni malata, hesabuni miti, msikubali bei ya uongo. Lakini mbele ya familia ya kwanza kuhama, ombeni pia siku moja. Siku moja, watu wote wakiwapo bado, ili kwaya ya kanisa, kundi la ba mama, kikundi cha kusaidiana, kila kimoja kilipe madeni yake na kigawe watu wake. Haiombe feza nyingi. Inaomba tu ifanyike mapema, kwa sababu watu wakisha kutawanyika hakuna delege atakayewarudisha chini ya muti mmoja.

Juma iliyofuata, siku ya ine, saa kumi na mbili ikikaribia, nilijikuta nimekwisha kuvaa viatu. Bibi yangu aliniangalia, hakusema kitu. Nilisimama mu mlango sawa mtu aliyesahau ufunguo. Kisha nikakumbuka niko na jina moja mu mfuko. Mgonjwa wetu wa sukari amepanga chumba karibu na soko, mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Nilifika giza imeanza. Alifungua mlango mbele nipige hodi mara ya pili.

"Nilijua leo ni siku ya ine," akasema. "Ingia, baba. Chai iko, lakini sukari utajinunulia."